Bei ya mochari si siri: Namna swali la simu linavyopaswa kujibiwa

Mkazi wa Isiolo anayepiga simu mochari kuuliza gharama ya kuhifadhi mwili wa marehemu ana haki ya kuelezwa bei kamili kabla mwili haujapelekwa huko. Haipaswi kuwa sharti kwamba kwanza ataje jina lake, athibitishe uhusiano wake na marehemu, au afike ofisini ana kwa ana. Makala haya yanaeleza sheria inavyosema kuhusu bei, namna mhudumu wa mochari anavyopaswa kujibu simu, maswali ambayo familia inafaa kuuliza, na mahali pa kupeleka malalamiko bili inapozidi ile iliyotajwa.

Kwa nini simu ina uzito Isiolo

Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 25,000 za mraba, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 268,002. Wengi wao wanaishi mbali na mji. Familia iliyofiwa Merti, Sericho au Oldonyiro haiwezi kuzunguka mochari mbili tatu ikilinganisha bei kama mtu anayenunua mabati. Uamuzi hufanywa kwa simu, pengine usiku, na mara nyingi humwangukia mtu mmoja aliye mjini ambaye jamaa wote wanamtegemea.

Uamuzi wenyewe si mdogo. Je, mwili uzikwe leo au uhifadhiwe hadi jamaa walio mbali wafike? Uletwe mjini Isiolo, au uhifadhiwe Meru au Nanyuki? Aliyefariki akitibiwa Nairobi asafirishwe siku gani? Kila jibu lina gharama yake, na familia isiyojua gharama hiyo huamua gizani.

Jambo lingine ni kwamba mwili ukishaingia mochari, nafasi ya kulinganisha bei imekwisha. Kuuhamisha ni gharama nyingine na uchungu mwingine. Bei iliyofichwa kwenye simu hujulikana siku ya kuchukua mwili, wakati jeneza limeshafika, gari linangoja na waombolezaji wamekusanyika nyumbani. Siku hiyo hakuna mwenye nguvu za kubishana. Jamaa hukopa, huuza mifugo kwa bei ya hasara, au huanza kuchangisha upya. Dakika tano za simu zingeweza kuwaepushia hayo.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inawapa watumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari wanazohitaji ili wafaidike kikamilifu na huduma hizo, pamoja na haki ya kulindwa kiafya na kiuchumi. Kifungu hicho kinahusu huduma zinazotolewa na taasisi za umma na zile za watu binafsi. Kwa hivyo mochari ya hospitali ya umma na mochari ya kibinafsi zina wajibu ule ule.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inaeleza zaidi. Kifungu cha 56 kinasema mtumiaji wa huduma ana haki ya kufahamishwa na mtoa huduma ada na malipo yote yatakayotozwa, yaitwe kwa jina lolote lile. Kifungu hicho pia kinakataza kumtoza mtu ada ambayo hakufahamishwa kabla ya kutozwa au kabla ya huduma kutolewa.

Maneno muhimu hapo ni mawili: “yote” na “kabla”. Kutaja ada ya siku moja na kunyamazia zile nyingine hakutoshi. Vilevile, kueleza ada wakati mwili umeshapokelewa na kutiwa dawa ni kuchelewa. Sheria hizi hazikutaja simu wala mochari kwa majina. Hata hivyo, kwa familia iliyo mbali, simu ndiyo nafasi ya pekee iliyopo kabla ya huduma kuanza. Mhudumu anayesema “leteni mwili kwanza, bei mtaambiwa hapa” anaifunga nafasi hiyo.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza mambo mawili. Kwanza, inahesabu kuwa ni udanganyifu mtoa huduma kunyamazia jambo la msingi kwa namna inayompotosha mteja. Pili, makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, isipokuwa mteja mwenyewe amekubali huduma za ziada. Familia iliyopewa makadirio ya Sh10,500 kwa huduma fulani haipaswi kupewa bili inayozidi Sh11,550 kwa huduma zile zile. Kinga hii huwa na nguvu zaidi makadirio yakiwa yameandikwa, hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu.

Kwa hospitali za umma kuna sheria nyingine pia. Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne la Katiba imeweka makaburi, nyumba za kuhifadhia maiti na mahali pa kuchomea maiti katika majukumu ya kaunti, chini ya huduma za afya. Ada za taasisi za umma hazipangwi na mhudumu aliye zamu. Huwekwa kwa utaratibu wa sheria, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuziomba. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika huruhusiwa kueleza kwa mdomo, na afisa husika ana wajibu wa kumwandikia.

Bei ya siku si bei yote

Swali ambalo watu wengi huuliza ni, “Kwa siku ni pesa ngapi?” Ni swali zuri, lakini likiulizwa peke yake linaweza kupotosha. Mfano ufuatao unaonyesha sababu. Takwimu zake ni za kuelezea tu, si bei za mochari yoyote.

Mochari ya kwanza inatoza Sh500 kwa siku. Juu ya hapo kuna Sh1,000 za kufungua faili, Sh4,000 za dawa ya kuhifadhi mwili, na Sh2,000 za kuosha na kuvalisha. Mochari ya pili inatoza Sh1,000 kwa siku, na humo mna huduma zote hizo.

Anayeuliza bei ya siku peke yake ataona ya kwanza ni nafuu mara mbili. Lakini mwili ukikaa siku tatu, ya kwanza itadai Sh8,500 na ya pili Sh3,000. Kwa siku saba, ya kwanza itadai Sh10,500 na ya pili Sh7,000. Hesabu zitalingana siku ya 14, ambapo kila moja itadai Sh14,000. Ni baada ya siku hiyo tu ndipo ile ya kwanza huwa nafuu.

Kwa hivyo swali linalofaa ni hili: “Mwili ukiletwa leo na kuchukuliwa siku fulani, jumla tutalipa pesa ngapi, na jumla hiyo inahusisha nini?” Swali hilo humlazimisha mhudumu kutaja kila ada, na huiwezesha familia kulinganisha mochari moja na nyingine kwa kipimo kimoja.

Namna siku inavyohesabiwa pia ni muhimu. Mwili ulioingia saa tano usiku na kuchukuliwa asubuhi yake unaweza kuhesabiwa siku moja katika mochari moja na siku mbili katika nyingine. Vilevile, kuna mochari ambazo hutoza zaidi usiku, wikendi au sikukuu. Hayo yote hayajulikani mpaka yaulizwe.

Mhudumu anavyopaswa kujibu

Anayepiga simu mochari mara nyingi ana msiba wa saa chache zilizopita. Huenda asijue la kuuliza. Kazi ya mhudumu ni kumwongoza bila kumharakisha. Majibu mazuri yana mambo haya:

Salamu, pole na utambulisho. Mpigaji ajue amefika mochari gani na anazungumza na nani, ili akipiga tena ajue alihudumiwa na nani.

Bei kabla ya maswali. Mpigaji akiuliza bei, ajibiwe bei. Mhudumu anaweza kuuliza mambo yanayobadilisha gharama, kama vile umri wa marehemu ikiwa watoto wana ada tofauti, mahali mwili ulipo, na siku ya mazishi. Kabila, dini, kazi ya mpigaji au kijiji chake hayabadilishi ada ya kuhifadhi mwili, na hayafai kuulizwa kwa ajili ya bei.

Orodha moja kwa kila mtu. Bei isomwe kutoka kwenye orodha iliyoandikwa, si kutoka kichwani. Wanafamilia wawili wakipiga kwa nyakati tofauti na kuhudumiwa na watu wawili, wapate jibu moja.

Lazima na hiari zitenganishwe. Mpigaji aelezwe ni huduma zipi lazima azilipie na zipi anaweza kukataa. Familia iliyo na jeneza lake, sanda yake au gari lake haifai kuambiwa kwamba haina budi kununua kwa mochari.

Kisichojulikana kisemwe. Zipo gharama ambazo mhudumu hawezi kuzitaja kwa hakika kwa simu, kwa mfano siku za kungoja uchunguzi wa maiti unaohusisha polisi. Ni bora kusema “hiyo itategemea siku, lakini kila siku ni kiasi hiki” kuliko kukisia.

Ujumbe wa maandishi. Baada ya simu, mhudumu amtumie mpigaji bei zile zile kwa ujumbe mfupi au WhatsApp, zikiwa na tarehe. Ujumbe huo humlinda mteja, na pia huilinda mochari dhidi ya madai ya bei ambayo haikuitaja.

Lugha inayoeleweka. Isiolo ina wakazi wanaozungumza Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu, Kimeru na lugha nyingine. Mpigaji akionekana hajaelewa Kiswahili au Kiingereza, mhudumu amtafutie mwenzake anayeweza kumweleza, au aombe kuzungumza na jamaa mwingine wa familia hiyo.

Mazungumzo mafupi yanaweza kuwa hivi:

Mpigaji: Hujambo. Tumefiwa na mzee wetu. Nilikuwa nauliza kuhifadhi mwili ni pesa ngapi.

Mhudumu: Poleni sana kwa msiba. Umefika mochari. Mnatarajia mazishi yawe lini?

Mpigaji: Wiki ijayo, siku kama ya saba kutoka leo.

Mhudumu: Sawa. Kufungua faili ni Sh1,000, hiyo ni mara moja. Dawa ya kuhifadhi mwili ni Sh4,000. Kila siku ni Sh500, kwa siku saba ni Sh3,500. Kwa hizo tatu ni Sh8,500. Kuosha na kuvalisha ni Sh2,000, lakini mkitaka kufanya wenyewe, hamtalipia. Kwa hivyo ni Sh8,500, au Sh10,500 mkitaka tuoshe sisi. Gari haliko kwenye hesabu hiyo.

Mpigaji: Na tukichelewa?

Mhudumu: Kila siku inayozidi ni Sh500, hakuna faini nyingine. Nikutumie hesabu hiyo kwa nambari hii?

Mazungumzo hayo hayachukui dakika mbili. Mpigaji hakuulizwa jina, na hakuna aliyeshinikizwa kuleta mwili.

Bei ni ya wote, habari za marehemu si za wote

Baadhi ya wahudumu husita kuzungumza kwa simu kwa kuhofia kutoa habari za siri. Hofu hiyo ina msingi, lakini mambo mawili hayapaswi kuchanganywa.

Bei ni habari ya wazi. Inaweza kubandikwa mlangoni, kutumwa kwa simu au kusomewa mtu yeyote. Habari za marehemu ni jambo tofauti. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri za mgonjwa. Kwa hiyo jina la marehemu, sababu ya kifo, hali ya mwili na nani ameuleta hayafai kuelezwa mtu asiyejulikana kwa simu. Anayetaka kujua kama mwili wa jamaa yake uko mochari aelekezwe kufika mwenyewe na kitambulisho, au kupitia kituo cha polisi au kwa chifu.

Kwa ufupi, anayeuliza “ni pesa ngapi?” ajibiwe. Anayeuliza “nani yuko humo?” athibitishwe kwanza.

Mazishi ya siku hiyo hiyo

Familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Isiolo, huzika mapema, kwa kawaida siku ile ile au kesho yake. Kuosha maiti, kukafini na sala ya jeneza hushughulikiwa na familia pamoja na msikiti. Kwa sababu hiyo, wengi huona bei za mochari haziwahusu.

Hata hivyo, aliyefariki hospitalini usiku huweza kuwekwa mochari hadi asubuhi. Aliyekufa kwa ajali au kwa kushambuliwa hawezi kuzikwa mpaka polisi wakamilishe taratibu zao, na uchunguzi wa maiti unaweza kuhitajika. Katika hali hizo familia inafaa kuuliza mapema: Kukaa saa chache kunatozwa siku nzima? Mwili unaweza kukaa bila kutiwa dawa? Familia inaruhusiwa kuosha yenyewe, na kuna ada ya kutumia chumba? Mwili unaweza kuchukuliwa usiku, au siku ya Jumapili?

Maswali hayo yanafaa kuulizwa kabla mwili haujatolewa wodini. Dawa ikishatiwa, gharama yake haiwezi kurudishwa, na huenda familia isingeitaka tangu mwanzo.

Gari na masafa

Kwa familia nyingi za Isiolo, gharama kubwa si ya mochari bali ya usafiri. Mwili unaosafirishwa kutoka Nairobi, Nanyuki au Meru hadi Garbatulla au Merti hupita lami na baadaye barabara ya vumbi, na msimu wa mvua safari inaweza kukatika njiani.

Mwenye gari naye ni mtoa huduma, na wajibu wa kueleza ada zote unamhusu pia. Aulizwe kama bei ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Kama mafuta na posho ya dereva vimo. Kama kuna malipo ya kungoja wakati wa ibada. Ni watu wangapi wa familia wanaruhusiwa kupanda. Na itakuwaje gari likikwama. Bei inayotajwa kwa kilomita ifuatiwe na swali la kilomita ngapi zitahesabiwa, na kuanzia wapi.

Nchi nyingine zinavyofanya

Suala hili haliko Kenya peke yake. Marekani ina kanuni maalumu ya huduma za mazishi, iliyoanza kutumika mwaka 1984 chini ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC. Kanuni hiyo inazitaka nyumba za mazishi kumweleza bei kwa simu mtu yeyote anayeuliza, na haziruhusiwi kumtaka ataje kwanza jina, anwani au nambari yake ya simu. Mwezi Januari 2024, FTC ilitangaza kwamba maafisa wake walikuwa wamezipigia simu zaidi ya nyumba 250 wakijifanya wateja wa kawaida. Nyumba 39 zilipewa barua za onyo.

Uingereza nayo ilitoa amri mwaka 2021, kufuatia uchunguzi wa mamlaka yake ya ushindani. Nyumba za mazishi huko zinatakiwa kuweka wazi orodha ya bei yenye mpangilio mmoja, mahali pa kazi na kwenye tovuti zao, ili familia iweze kulinganisha moja na nyingine.

Nchi zote mbili zilizingatia ukweli mmoja: aliyefiwa hana muda wala moyo wa kutafuta bei, kwa hiyo bei ndiyo impelekee yeye. Sheria za Kenya tayari zinataka ada zote zielezwe kabla ya huduma. Kilichobaki ni mochari kuifanya hiyo iwe desturi ya kila siku kwenye simu.

Maswali ya kuwa nayo mkononi

Ukurasa huu unaweza kukatwa na kuwekwa pamoja na stakabadhi za nyumbani. Kamati ya mazishi ikiteua mtu mmoja wa kupiga simu, na awe na kalamu na karatasi, aulize:

1. Jumla ni pesa ngapi kutoka leo hadi siku ya kuchukua mwili?
2. Jumla hiyo inahusisha nini, na nini hakimo?
3. Ni ada zipi za lazima na zipi za hiari?
4. Siku inahesabiwa vipi? Kuna ada ya usiku, wikendi au sikukuu?
5. Ada ya mtoto ni tofauti na ya mtu mzima?
6. Tukileta jeneza, sanda, nguo au gari letu, kuna malipo yoyote?
7. Tukichelewa siku moja au mbili, tutaongeza kiasi gani?
8. Kama kuna uchunguzi wa maiti, nani analipa, na siku za kungoja zinatozwa?
9. Malipo yanafanywa wapi, na tutapata risiti?
10. Kuna bima, SHA au utaratibu wowote unaoweza kulipa sehemu ya gharama?
11. Mnaweza kututumia bei hizi kwa ujumbe wa simu sasa hivi?

Aandike tarehe, saa na jina la aliyejibu. Mhudumu akikataa kutaja bei au kutuma ujumbe, familia ipige mochari nyingine kabla ya kuamua.

Malipo na risiti

Malipo ya hospitali ya umma hufanywa kwa njia rasmi za hospitali na kila shilingi ina risiti. Pesa zinazotumwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata kama ni mhudumu anayejulikana, ni vigumu kuzithibitisha baadaye. Kwa mujibu wa Sheria ya Kugharimia Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya mwaka 2023, mapato ya vituo vya afya vya umma hubaki vitumike katika vituo hivyo. Kwa hiyo pesa inayopita nje ya njia rasmi inamwumiza mfiwa na pia inakinyima kituo dawa na vifaa.

Mhudumu akidai “kitu kidogo” ili mwili utolewe haraka au uandaliwe vizuri, hiyo ni hongo. Inaweza kuripotiwa kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, ambayo ina ofisi mjini Isiolo.

Familia isiyo na uwezo isingoje hadi siku ya mazishi ndipo iseme. Hospitali za umma huwa na utaratibu wa kusamehe malipo yote au sehemu yake, kupitia afisa wa ustawi wa jamii, baada ya hali ya familia kuchunguzwa. Maombi ya mapema huipa hospitali muda wa kuyashughulikia. Itakumbukwa pia kwamba Mahakama Kuu imewahi kuamua kuwa mwili wa marehemu si mali inayoweza kuzuiliwa kama rehani ya deni. Deni hubaki kuwa deni, na lina njia zake za kudaiwa.

Bili ikizidi

Bili ikiwa juu ya ilivyotajwa, hatua ya kwanza ni kuomba ichanganuliwe kwa maandishi, ada moja moja, na kuilinganisha na ujumbe uliotumwa siku ya simu. Makosa mengi ya hesabu hutatuliwa hapo hapo na msimamizi wa mochari au wa hospitali.

Likishindikana, malalamiko kuhusu mochari ya hospitali ya kaunti yapelekwe kwa msimamizi wa hospitali, kisha kwa Idara ya Afya ya Kaunti. Taasisi ya umma ikikataa kutoa habari za ada zake, au ikimtendea mwananchi isivyo haki, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman na ambayo ina tawi mjini Isiolo. Kwa mochari au gari la kibinafsi lililotoza ada ambazo hazikutajwa, mlalamikaji anaweza kuandikia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, iliyo Nairobi.

Mlalamikaji aambatishe risiti, bili, ujumbe wa bei na maelezo mafupi ya mazungumzo ya simu. Ndiyo maana kuandika jina na saa siku ya kwanza kuna faida.

Vibali visisahaulike

Bei ikishajulikana, kibali cha mazishi kinabaki. Kifo kilichotokea hospitalini huandikishwa kupitia hospitali hiyo. Kilichotokea nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu wa eneo hilo. Kifo cha ghafla, cha ajali au cha kutiliwa shaka huripotiwa kwanza kwa polisi, na mwili usiguswe wala kuhamishwa kabla wao hawajafika. Mochari huhitaji kuona hati zinazofaa kabla ya kutoa mwili, kwa hiyo siku ya kufuatilia karatasi nayo huhesabiwa katika siku za kulipia. Familia inayoanza kushughulikia kibali siku ya kwanza huokoa pesa ambazo zingelipia siku za kungoja.